Ugonjwa Uliosubiri Kubishiwa Hodi

Wadau, leo tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya 66,000 katika wilaya nzima ya Mafia. Kati ya hao, wangapi wana ugonjwa wa Parkinson, ule wa mikono kutetemeka, mwili kukakamaa na miguu kwenda kwa kuburura? Ukiuliza swali hilo pale ufukweni Utende, wakati unasubiri boti ya kuvukia Chole, utaambiwa kwamba ugonjwa huo hapa haupo. Wazee wapo, na wazee hutetemeka. Wenye mashetani wapo, nao hutetemeka. Lakini Parkinson? Hiyo ni ya huko kwao: Papa Yohane Paulo wa Pili, Muhammad Ali, na yule mcheza sinema Michael J. Fox.

Jibu hilo lina historia ndefu, na walioanza kulitoa si watu wa Utende. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hata madaktari waliamini kwamba Mwafrika haugui Parkinson, au anaugua mara chache mno. Hapa Tanzania imani hiyo ilivunjwa na kitu cha bei rahisi sana: watu wenye karatasi na kalamu waliokwenda nyumba kwa nyumba wakibisha hodi. Nitafika huko. Kwanza nawaomba tukae kidogo kwenye ghuba.

Kwa ambao hawajafika Mafia, Ghuba ya Chole ni maji yaliyo katikati ya Utende, upande wa kisiwa kikubwa, na visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Chole ni kadogo, unakazunguka kwa miguu asubuhi moja ukamaliza. Lakini hapo ndipo palipokuwa mjini! Ujerumani ilipoipata Mafia kwa mkataba wa mwaka 1890, makao yake yaliwekwa Chole, na yakakaa hapo mpaka mwaka 1913 yalipohamishiwa Kilindoni. Tangu hapo serikali iko Kilindoni, bandari iko Kilindoni, na hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Chole imebaki na magofu yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti, popo wakubwa kama kuku, na mafundi wa majahazi. Muushike mwaka huo 1913, nitaurudia.

Nilikwenda kule kwa habari nyingine kabisa (bei ya mbao, kama mnataka kujua). Nikakaribishwa kivulini kwa fundi mmoja aliyekwisha kuacha kazi. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, kaa hapo." Tukazungumza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja, na kidole gumba kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, polepole, bila kusimama. Nikadhani anavuta uradi. Mkononi hapakuwa na tasbihi.

Nikamwomba anionyeshe tezo lake la zamani. Alipolishika, mkono ukatulia kabisa. Akacheka. Mkono huu, akasema, ukipewa kazi una adabu, ukiachwa unacheza wenyewe. Sasa mbona aliacha kazi? Kwa sababu kila kitu kimekuwa kizito. Kuinuka, kugeuka, kupiga kalafati ubao mmoja, kazi ya saa moja inakula asubuhi nzima. Ni uzee tu, akasema. Mkewe, aliyekuwa anasuka ukili pembeni, hakuinua macho: "Uzee na watu pia." Msemo wetu wa "mkono wa mtu" mnaujua.

Mimi si daktari na sikumwambia babu anaumwa nini. Lakini mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika na kutulia ukipewa kazi ni alama inayojulikana sana. Kuna mtetemo wa aina nyingine ambao ni kinyume chake: mkono umetulia mpaka uinue kikombe cha chai, ndipo kinapoanza kumwagika. Huo ni ugonjwa tofauti, na ni wa kawaida zaidi kuliko Parkinson. Tofauti kati ya hiyo miwili haihitaji kipimo chochote. Inahitaji mtu aangalie.

Na aliyeangalia wa kwanza hadi akaandika kwa mpangilio alikuwa tabibu wa London, James Parkinson, mwaka 1817. Mwaka huo, kwa kalenda ya ghuba yetu, mji wa Kua pale Juani ulikuwa ungali na watu. Wasakalava kutoka Madagaska walikuja kuuvamia katika miaka ya 1820. Parkinson aliandika kijitabu kuhusu wagonjwa 6 tu. Na katika hao 6, wawili aliwakuta mitaani akawasimamisha, na mmoja alimwona kwa mbali bila hata kuzungumza naye. Hebu fikiria! Ugonjwa unaojulikana leo dunia nzima ulianza kuandikwa na mtu aliyekuwa anatazama wapita njia. Baadaye, katika karne hiyo hiyo, Jean-Martin Charcot wa Paris ndiye aliyeupa jina la Parkinson.

Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya hapo madaktari waliweza kuutambua lakini hawakuweza kufanya la maana. Dawa ilikuwa karibu kuliko walivyojua. Mwaka 1913 (ndiyo ule ule, Wajerumani wanahama Chole) mkemia wa Uswisi, Marcus Guggenheim, alitoa kwenye maharage mapana kitu ambacho leo tunakiita levodopa. Akakijaribu kwa kukimeza mwenyewe. Akatapika vibaya sana, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona kitu hicho kina faida yoyote.

Ufunguo ulipatikana Sweden. Mwaka 1957 Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura dawa iliyowafanya wakae kama magogo, kisha wakawachoma levodopa, na sungura wakaamka. Maelezo yake ni haya: ubongo unatumia kemikali iitwayo dopamini kuanzisha na kulainisha mwendo, na levodopa ni malighafi ya kuitengeneza. Mwaka 1960, kule Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson wakakuta dopamini imepungua mno sehemu zinazohusika na mwendo. Mwaka 1961, Tanganyika ikijiandaa kupandisha bendera, wagonjwa wa kwanza wa Vienna walichomwa levodopa, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakainuka. Athari ilidumu saa chache tu. Ni George Cotzias, Marekani, aliyeonyesha mwaka 1967 kwamba mgonjwa akianzishwa kwa kiasi kidogo na kuongezewa taratibu, dawa inaweza kumezwa kila siku na kufanya kazi kwa muda mrefu. Sisi mwaka huo tulikuwa na Azimio la Arusha. Katika miaka ya 1970 levodopa ilichanganywa na carbidopa ili isitapishe watu kama ilivyomfanya Guggenheim, na mchanganyiko huo ndio dawa kuu mpaka leo. Hauponyi, naomba tuelewane. Ubongo unaendelea kuharibika. Lakini unamrudishia mtu miaka ya kujifunga vifungo na kujilisha mwenyewe.

Kwa hiyo tangu miaka ya 1970 dawa ipo. Swali linabaki: kwa nini huku kwetu hakuna aliyeitafuta?

Kwa sababu ugonjwa ulikuwa "haupo". Angalia jinsi hesabu zilivyokuwa zinafanywa. Daktari wa kikoloni, na aliyemrithi baada ya uhuru, alihesabu waliofika hospitali. Wanaofika hospitali ni mtoto mwenye malaria, mama mwenye uchungu, kijana aliyevunjika mguu. Babu ambaye amekuwa mzito kidogo mwaka jana na mzito zaidi mwaka huu hapelekwi hospitali, anawekewa kiti kivulini. Mwisho wa mwaka daktari anafungua daftari lake, anakuta wagonjwa wawili au hakuna, anaandika kwamba kwa Waafrika ugonjwa huu ni nadra. Anayemfuata anamsoma yeye. Hata akija babu mwenyewe, daktari aliyefundishwa kwamba jambo ni nadra atatafuta jina lingine.

Linganisha na magonjwa mengine ya mwendo ambayo Afrika Mashariki iliyagundua haraka. Mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walikakamaa miguu ghafla wakashindwa kutembea. Wenyeji waliuita mantakassa. Mwaka 1985 jambo kama hilo likatokea kwetu Tarime, na madaktari wakalifuata mpaka vijijini. William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi miaka mingi KCMC Moshi, alikuwa mmoja wao. Ni ugonjwa uitwao konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, ambako uliandikwa mwaka 1938. Chanzo chake ni mihogo michungu yenye sumu ya sayanaidi, ambayo wakati wa ukame na njaa watu hawakuiloweka na kuianika muda wa kutosha. Mahenge nako, katika miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alikuta familia nyingi zenye kifafa, na watoto wanaotikisa vichwa kwa namna ambayo baadaye iliupatia ugonjwa huo jina lake wa kusinzia kwa kichwa.

Konzo ilionekana kwa sababu iliangusha watu wengi mahali pamoja, wengi wao wakiwa vijana, katika wiki chache. Hilo hata mkuu wa wilaya analiona kwa macho. Parkinson haifanyi hivyo. Inachukua mzee mmoja kijiji hiki, mwingine kijiji cha tatu, na inamchukua kwa miaka. Haina kelele. Ugonjwa wa namna hiyo hauwezi kuonekana mpaka mtu aamue kuutafuta.

Wa kwanza kuutafuta kwa uzito Afrika walikuwa Nigeria. Profesa Benjamin Osuntokun, akishirikiana na Bruce Schoenberg wa Marekani na wengine, walitoa mwaka 1988 matokeo ya kwenda nyumba kwa nyumba Igbo-Ora, na kuyalinganisha na ya watu weusi wa wilaya ya Copiah, Mississippi. Kwa waliozidi miaka 39, Mississippi walikuwa 341 katika kila 100,000. Igbo-Ora walikuwa 67. Wapo waliolisoma hilo kama ushahidi kwamba Afrika kweli ina kinga fulani. Wengine wakauliza swali ambalo mimi naliona la maana zaidi: je, Igbo-Ora wanaugua wachache, au wanaougua wanakufa mapema kwa kukosa matibabu, kiasi kwamba siku ya kuhesabu wengi wao wameshazikwa?

Sasa tufike Hai. Wilaya hii ya Kilimanjaro ilikuwa na kitu adimu. Tangu mwaka 1992 Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza walikuwa wanaendesha mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, na Hai ilikuwa moja ya maeneo yake. Kazi yake ilikuwa kujua nani anaishi wapi, nani amekufa na kwa nini, hata kama amekufia nyumbani bila kuonwa na daktari. Waandikishaji walikuwa watu wa huko huko. Walijua njia ya mgombani ya kufika kila boma, walijua jina la bibi na la mbwa pia. Ukitaka kumpata mgonjwa asiyekuja hospitali, hao ndio watu wa kuwatuma.

Timu ya Profesa Richard Walker, daktari wa wazee kutoka kaskazini mwa Uingereza, ikautumia mtandao huo. Waandikishaji walipewa maswali machache ya kuuliza kila kaya, maswali yasiyohitaji shahada. Waliojibu ndiyo walifuatwa na daktari wa utafiti, Catherine Dotchin, akawapima kwa vigezo vile vile vinavyotumika Uingereza. Tarehe ya hesabu iliwekwa 1 Januari 2006. Eneo lilikuwa na wakazi 161,071. Ripoti ilitoka mwaka 2008: wagonjwa 33, wanaume 23 na wanawake 10.

Thelathini na watatu tu? Ndiyo, na ndiyo maana daftari la hospitali lisingewaona kamwe. Ni kama watu 20 katika kila 100,000. Ukirekebisha kwa kuzingatia kwamba Uingereza ina wazee wengi kuliko sisi, inakuwa kama 40. Bado iko chini ya Ulaya. Lakini jambo lililonikaa mimi halimo kwenye uwiano huo. Wengi wa hao 33 hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson, na hawakuwahi kuonja dawa. Hapo KCMC, hospitali kubwa ya rufaa, haiko mbali! Wagonjwa walikuwepo, dawa ilikuwepo duniani kwa miaka zaidi ya 30, na katikati hapakuwa na hodi.

Watafiti wakawapa dawa na kuwafuatilia, na ripoti ya miaka 3 ya matibabu ilitoka mwaka 2011. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu sisi tumezoea watafiti wa kuja, kuchukua damu na kupotea. Hata hivyo swali la nani atalipa dawa mradi ukiondoka halikuwa na jibu zuri wakati ule, na siwezi kusema lina jibu zuri sasa. Levodopa imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, lakini kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye kabati la zahanati ni mambo mawili.

Mwaka huo huo wa 2011 Mtanzania Gerry Mshana, pamoja na Dotchin na Walker, walichapisha kazi nyingine ambayo naipenda kuliko hesabu zote. Hii haikuhesabu, ilisikiliza. Waliwahoji wagonjwa, wanaowauguza, waganga wa jadi na wahudumu wa afya wa Hai. Kichwa chake kwa Kiswahili ni kama kusema: sisi tunauita ugonjwa wa kutetemeka. Wengi waliuelewa kama uzee. Wengine walisema ni uchawi. Watu walizunguka kwa mganga, kanisani, hospitalini na kurudi, wakitumia fedha kila kituo. Na wahudumu wa afya wenyewe, wengi walikuwa hawaujui.

Ukisoma hayo ukiwa na Ghuba ya Chole kichwani, unaona ni mazungumzo yale yale, yamebadilishwa lafudhi tu. Mafia ina bahati ya kuandikwa sana upande huu. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alifika kaskazini mwa kisiwa mwaka 1965 na akawa anarudi kwa miongo kadhaa. Kitabu chake cha mwaka 1997, African Voices, African Lives, kimejaa maradhi, mashetani na majini kama watu wenyewe wanavyoyasimulia. Katika ngoma ya kupunga, mwili unaoanza kutetemeka una maana: amepanda kichwani, sasa anaweza kuulizwa anataka nini. Kwa hiyo mkono unaotetemeka haufiki mbele ya mganga kama kitu kipya. Tayari una lugha. Sina dharau na lugha hiyo; inampa mgonjwa watu wa kumzunguka usiku kucha, jambo ambalo foleni ya hospitali haijawahi kumpa mtu. Tatizo langu ni kwamba shetani wa Parkinson hashuki. Ngoma inaisha, mbuzi ameliwa, mkono bado.

Na hapa kuna jambo litakalowachekesha watoto wote wa pwani. Mnaukumbuka upupu? Ule uliomwagiwa na mwenzako shuleni ukajikuna mpaka ukalia? Jina lake la kisayansi ni Mucuna pruriens. Mwaka 1937 wanakemia wa India, Damodaran na Ramaswamy, walionyesha kwamba mbegu zake zina levodopa. Levodopa ile ile! Waganga wa Kihindi wa jadi walikuwa wakizitumia mbegu hizo tangu zamani sana, na upupu unamea pwani yetu yote, kwenye vichaka na mashamba yaliyoachwa. Mwaka 2004 kundi la Regina Katzenschlager lilijaribu unga wa mbegu hizo kwa wagonjwa 8 London, na mwaka 2017 Roberto Cilia na wenzake waliujaribu kwa wagonjwa 18 Bolivia. Kwa dozi moja moja, unga ulifanya kazi sawa na kidonge.

Kabla hujaenda kuchuma, soma na hii. Cilia alirudi mwaka 2018 na jaribio la wiki kadhaa kwa wagonjwa 14. Nusu yao waliacha kutumia unga, ama kwa sababu ya tumbo na kichefuchefu, ama kwa sababu mwendo wao ulizidi kuwa mbaya. Upupu hauna carbidopa, kwa hiyo lile tapiko la Guggenheim la 1913 liko pale pale. Na kiasi cha levodopa hubadilika toka mbegu hadi mbegu. Mwaka 2020 kulikuwa na mjadala wa wazi katika majarida ya kitabibu kama upupu unaweza kuwa suluhisho la Afrika, na Walker alikuwemo. Mimi naona ni swali halali la utafiti, na ningependa kuona linaulizwa na maabara zetu. Lakini naona pia hatari ya kuambiwa kwamba mkazi wa London ale kidonge kilichopimwa na mkazi wa Juani ale kichaka.

Mambo hayajasimama. Mwaka 2022 ulianzishwa mradi wa nchi 7 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, wa kuboresha huduma za Parkinson, ukiongozwa na Walker pamoja na Profesa Njideka Okubadejo wa Lagos. Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba uliotegemea sana wagonjwa wa Nigeria ulikuta badiliko katika jini iitwayo GBA1 linaloongeza uwezekano wa Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, badiliko ambalo kwa Wazungu karibu halipo. Miaka yote hiyo vinasaba vya Parkinson vilitafutwa Ulaya, na hili lisingeonekana hata wangetafuta miaka 100 mingine.

Turudi kwenye hesabu yetu. Ukichukua kiwango cha Hai, 20 kwa kila 100,000, ukakiweka juu ya watu 66,000 wa Mafia, unapata kama watu 13. Ni kisio langu, na ni kisio la kijinga kwa namna fulani: Hai si Mafia, umri wa watu si ule ule, na maisha ya mgombani si ya baharini. Wanaweza kuwa 6, wanaweza kuwa 20. Lakini tuchukue 13, tuseme wawili au watatu wako kuzunguka ghuba. Idadi hiyo ni ndogo mno kwa mpango wowote wa wizara. Ni ndogo pia kiasi kwamba muuguzi mmoja wa zahanati, aliyeonyeshwa mara moja nini cha kuangalia, anaweza kuwajua wote kwa majina: mkono unaohesabu tasbihi isiyokuwepo, mkono usiopunga mtu akitembea, uso usiocheka wakati mwenyewe anacheka.

Baada ya hapo kuna safari. Chole hadi Utende kwa boti, na kupanda boti ni kuingia majini hadi magotini maji yakiwa yametoka. Utende hadi Kilindoni kwa gari. Kilindoni kuna daktari, lakini bingwa wa mishipa ya fahamu yuko Dar es Salaam, kwa hiyo ni Kilindoni hadi Nyamisati baharini, kisha basi. Na dawa ikipatikana ni ya kila siku, mara tatu au zaidi kwa siku, mpaka mwisho wa maisha, kwa mtu ambaye asubuhi hiyo imemchukua nusu saa kuvaa kanzu.